Barua ya wazi kwa wakuu wa Jiji la Tanga, TCRA na Polisi: tuwalindie vijana akaunti zao za gemu

Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri ya Jiji la Tanga,
Kwa wakuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA),
Kwa Jeshi la Polisi Mkoa wa Tanga.

Waheshimiwa, salaam.

YAH: WIZI WA AKAUNTI ZA GEMU NA UTHIBITISHAJI WA HATUA MBILI

Naendesha banda la gemu Ngamiani. Wanaokuja kwangu ni watoto wa mtaani, wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo, vijana wa bodaboda, na siku hizi hata watu wa ofisini wanaopita jioni kucheza mechi mbili kabla ya kwenda nyumbani. Ninawaandikia kwa jambo ambalo mkubwa akilisikia mara ya kwanza huliona la kitoto. Vijana wanaibiwa akaunti zao za gemu, wanaibiwa mara kwa mara, na kinga yake ipo, tena ya bure, ila hakuna aliyepewa kazi ya kuwafikishia.

Nianze na thamani ya kitu chenyewe, maana hapo ndipo mazungumzo yangu na wakubwa hukwama. Akaunti ya Free Fire, PUBG Mobile au eFootball haifunguliwi leo ikawa na maana kesho. Kijana anaijenga kwa miaka. Ana daraja alilolipanda kwa jasho, ana jina linalojulikana kwenye mabanda kuanzia Makorora mpaka Chumbageni, ana wachezaji, mavazi na silaha alizoshinda au kununua kwa hela yake. Hela hiyo wengine wameipata kwa kubeba mizigo sokoni, wengine kwa kumenya na kuuza machungwa ya Muheza stendi. Akaunti nzuri inauzika na wanunuzi hawakosekani, ingawa kampuni nyingi za gemu zinakataza biashara hiyo. Kwa hiyo mwizi anachukua mali ya kugeuza pesa jioni ileile.

Na haishii kwenye gemu. Vijana wengi huingia Free Fire kwa kutumia akaunti ya Facebook au ya Google. Aliyeipata hiyo ameshika picha za familia, majina ya ndugu, na mazungumzo yote. Kesho yake shangazi aliyeko Korogwe anapokea ujumbe wenye picha ya mpwa wake: nimekwama, nitumie elfu kumi, simu yangu imeharibika usinipigie. Nimeona wazazi walioanza kuamini habari za akaunti za gemu siku walipotapeliwa wao.

Wizi wenyewe naushuhudia. Likizo zikianza, linki zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp: "Pata almasi bure, mwisho leo saa sita usiku." Almasi ndiyo fedha ya kununulia vitu ndani ya Free Fire. Kijana anabonyeza. Unafunguka ukurasa wenye bluu ileile ya Facebook, nembo ileile, mahali pa kuandika namba ya simu na chini yake pa kuandika paswedi. Tofauti iko kwenye anuani iliyo juu, na kwenye kioo cha simu kilichopasuka, nani anaisoma anuani mpaka mwisho? Anaandika. Kiduara kinazunguka, halafu anarudishwa kwenye Facebook ya kweli kana kwamba mtandao ulikuwa unasumbua tu. Baadaye simu inamtoa kwenye gemu. Akijaribu kuingia anaambiwa paswedi si sahihi. Akibonyeza pa waliosahau, anaambiwa namba ya kurejesha imetumwa kwenye barua pepe ambayo herufi zake hazijui. Hapo anageuka kuniangalia, na mimi najua mwizi ameshabadilisha barua pepe na namba ya simu.

Kijana mmoja wa Mabawa aliyepatwa na hayo alikaa kwenye benchi langu mpaka nafunga banda. Mama yake alipokuja kumchukua aliniuliza kwa upole kama kweli gemu linaweza kumliza mtu namna ile. Nilimwambia ndiyo, linaweza, kwa sababu kilichopotea ni kazi yake ya miaka.

Sasa kinga. Uthibitishaji wa hatua mbili ni komeo juu ya kitasa. Paswedi ni kitasa, na ufunguo wake ukishachongwa na mwingine unafungua kwake kama unavyofungua kwako. Komeo ni kitu cha pili alicho nacho mwenye akaunti peke yake, mara nyingi simu yake. Mwizi akiandika paswedi iliyo sahihi kabisa, mfumo unamuuliza tena: lete namba iliyotokea sasa hivi kwenye simu ya mwenyewe. Hana, anabaki nje, na mwenye akaunti anapata taarifa kwamba kuna mtu anajaribu kuingia.

Namba hiyo huja kwa njia zaidi ya moja, na tofauti zake ni muhimu sana kwa mazingira yetu. Ya kwanza ni ujumbe mfupi wa simu. Ya pili ni programu ya kutoa namba, kama Google Authenticator. Afisa mmoja aliwahi kuniambia kwamba mambo haya yanafaa nchi zenye intaneti ya uhakika. Si kweli, na napenda jambo hili lieleweke vizuri. Siku ya kuwasha, simu inasoma alama ya mraba yenye vidoti kwenye skrini, na ndani ya alama hiyo kuna siri moja ndefu ambayo sasa inajulikana na pande mbili tu, simu na kampuni. Kuanzia hapo kila upande unachukua siri hiyo pamoja na saa ya wakati huo, unapiga hesabu ileile na kupata namba ileile ya tarakimu sita, ambayo kwa kawaida hubadilika kila baada ya sekunde 30. Simu haiulizi mtu chochote. Haihitaji bando, haihitaji vocha, haihitaji hata laini ndani yake. Simu iliyoishiwa kila kitu bado inatoa namba. Kwa mtoto wa Tanga anayenunua bando la saa moja, hii ndiyo njia inayomfaa.

Ina sharti moja ambalo vijana wangu hulikosa: saa ya simu iwe sahihi. Wengi huipeleka saa mbele makusudi ili magemu mengine yawape zawadi za kesho leo. Halafu namba zinakataliwa, kijana anadhani programu ni mbovu, anaifuta, na akiifuta bila kuwa na namba za akiba amejifungia nje mwenyewe. Namba za akiba ni zile ambazo mfumo humpa mtu siku ya kuwasha, za kutumia simu ikipotea au ikifa. Mimi nawasisitiza waziandike kwenye karatasi na kumpa mama aiweke kwenye faili la cheti cha kuzaliwa. Karatasi iliyoko kabatini Makorora haiibiwi na mtu aliyeko kwenye mtandao.

Ujumbe mfupi nao sisemi haufai kitu. Utafiti ambao Google waliutoa mwaka 2019 ulionyesha kwamba namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi ilizuia asilimia 100 ya majaribio yanayofanywa na roboti, asilimia 96 ya ulaghai unaorushwa kwa watu wengi kwa pamoja, na asilimia 76 ya mashambulizi yanayomlenga mtu mmoja maalumu. Linki ya almasi za bure ni ulaghai wa aina ya pili. Maana yake ni kwamba hata njia iliyo dhaifu ingewaokoa wengi wa wanaolia bandani kwangu. Lakini ile karibu robo ya aina ya tatu inayopenya, sehemu yake inahusu wizi wa laini ya simu, na kwenye laini ndipo tulipo na matatizo yetu wenyewe. Nitarudi hapo.

Waheshimiwa, mtasema vijana wawashe wenyewe, kwani nani amewazuia? Wenye kampuni walidhani hivyohivyo. Kampuni ya Blizzard walianza kuwauzia wachezaji wa gemu lao la World of Warcraft kifaa kidogo cha kutoa namba mwaka 2008. Mwaka 2011 mtandao wa PlayStation ulivamiwa, zikaguswa taarifa za akaunti zipatazo milioni 77, na hata hivyo hatua mbili hazikufika kwa wachezaji wake mpaka 2016. Desemba 2015 Valve, wenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, walieleza hadharani kwamba akaunti kama 77,000 zilikuwa zinatekwa na kuporwa kila mwezi, wakati ulinzi wa hatua mbili walikuwa wameshautoa. Ulikuwepo, watu hawakuuwasha. Epic Games walielewa mapema namna ya kusema na vijana: mwaka 2018 walimpa kila mchezaji wa Fortnite aliyewasha hatua mbili mtindo mmoja wa kucheza dansi ndani ya gemu, bure. Na Google waliacha kabisa kuomba. Mwaka 2021 waliwasha wenyewe hatua mbili kwa watu zaidi ya milioni 150, na mwanzoni mwa 2022 wakaeleza kwamba uvamizi kwenye akaunti hizo ulipungua kwa nusu.

Hili ndilo ninalotaka mlione. Ulinzi huu huenea pale mwenye usimamizi anapoufanya kuwa utaratibu, au anapoufunga pamoja na kitu ambacho watu wanakitaka. Kampuni zimefanya sehemu yao kwa kiasi fulani. Sehemu iliyobaki ipo hapa mjini na ipo mikononi mwenu.

Nianze na barua pepe, kwa sababu ndiyo mzizi na hakuna anayeizungumza. Mzazi akinunua simu ya kwanza ya mtoto, anayemfungulia akaunti ya Google ni muuzaji wa dukani au fundi. Anafanya kwa wema, mteja ana haraka, simu haishushi programu bila akaunti. Fundi anaandika jina lolote, anaweka paswedi anayowawekea wateja wote, na panapotakiwa namba ya simu ya kurejeshea anaweka yake. Mtoto anaondoka na simu ambayo mwenye kauli ya mwisho juu yake ni mtu mwingine. Nimefungua simu nyingi za vijana nikakuta namba ya kurejeshea hawaijui ni ya nani. Kijana wa aina hiyo akiwasha hatua mbili, namba ya uthibitisho inaweza kwenda kwenye simu ya fundi ambaye huenda ameshahamia Dar es Salaam, au kwenye laini ambayo fundi ameitupa na sasa iko kwa mtu wa tatu.

Mkurugenzi, leseni za biashara za maduka ya simu zinatoka ofisini kwako. Maafisa Biashara wanapita Barabara ya 12, wanapita sokoni, wanayajua maduka hayo yote. Naomba kila mwenye leseni apewe karatasi moja ya maelekezo: mteja aweke paswedi yake mwenyewe huku muuzaji akigeuka pembeni, namba ya kurejeshea iwe ya mteja au ya mzazi wake, na hatua mbili ziwashwe kabla simu haijatoka dukani. Ni dakika chache kwa muuzaji. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sidhani kama wenye maduka wameshaelezwa kwamba paswedi za wateja walizoandika kwenye daftari la kaunta ni taarifa za watu.

Jambo la pili kwako, Mkurugenzi, ni mashindano. Vijana wanayapenda kupita maelezo. Panapotangazwa shindano la eFootball, watu wanatoka Pongwe mpaka Duga. Wanaoyaandaa wanakuja kwa Afisa Utamaduni na Michezo kuomba baraka na ukumbi. Baraka hizo zitolewe kwa sharti kwamba hakuna anayepangiwa mechi mpaka aonyeshe akaunti yake imewashwa hatua mbili, na pale mlangoni pawe na meza ya kumsaidia ambaye hajawasha. Nina hakika, kwa jinsi ninavyowajua, kwamba wataiwasha kwenye foleni wakisukumana. Ni njia ileile ya dansi ya Fortnite, na haiugharimu mji chochote zaidi ya meza. Shuleni sitegemei sana, kwa kuwa simu haziruhusiwi na mwalimu ana haki ya kusema hilo ni la nyumbani.

Sasa TCRA, na hapa narudi kwenye laini. Kazi ya kusajili laini kwa alama za vidole, iliyofikia ukomo wake tarehe 20 Januari 2020, ilisaidia. Hata hivyo mtoto hana kitambulisho cha NIDA, na laini iliyomo kwenye simu yake imesajiliwa kwa jina la mama, mjomba, au jirani aliyekuwa na kitambulisho siku hiyo. Laini ikipotea hawezi kuirudisha mwenyewe. Ikikaa muda mrefu bila kutumika inafungwa na namba yake inaweza kupewa mteja mpya, ambaye bila kujua ataanza kupokea namba za uthibitisho za mtoto wa mwenzake. Na wapo mawakala wasio waaminifu, wale wa "weka kidole tena, hakijasoma", ambao kidole cha pili wanakitumia kusajilia laini nyingine. Watu wanaoijua *106# ya kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao bado si wengi kama inavyotakiwa. Tangazeni tena, na tangazeni kwa wazazi wa wachezaji.

Ninachoomba zaidi kwenu ni utaratibu wa kampuni za simu pale laini inaporudishwa. Mtu akirudisha laini leo kwa wakala, ujumbe wenye namba za uthibitisho usiingie kwenye laini mpya kwa muda fulani, tuseme siku moja, au mwenye namba aliyeandikwa kwenye usajili apigiwe kwanza. Majirani zetu wa Msumbiji wamefanya kitu cha jamii hii kwa upande wa benki: benki inaweza kujua kutoka kwa kampuni ya simu kwamba laini imebadilishwa siku za karibuni, na muamala unasimamishwa. Haliwi jambo geni kwetu kiufundi. Na kama mlivyotupa namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa matapeli, nchi nzima ikaelewa nini cha kufanya na "ile hela tuma kwenye namba hii", tuelezeni na linki za almasi za bure zipelekwe wapi. Nazipata nyingi bandani na sina pa kuzipeleka.

Kuna tahadhari moja ambayo nyote mtakapotoa elimu msiiache, kwa sababu matapeli wanajifunza. Namba ya uthibitisho haisomwi kwa mtu. Haisomwi kwa anayejiita mhudumu wa gemu, haisomwi kwa rafiki anayesema imeingia kwako kwa makosa, wala haiandikwi kwenye ukurasa uliofunguliwa kwa linki ya WhatsApp. Kurasa za kisasa za ulaghai zinaomba paswedi na zinaomba namba pia, na mwizi anakuwa upande wa pili akiitumia kabla haijabadilika. Funguo za siri (passkey), zinazokaa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole badala ya paswedi, zinakwepa mtego huo, kwa kuwa simu hukataa kuzitoa kwenye anuani isiyo ya kweli. PlayStation wanazo tangu 2024 na Google tangu 2023. Simu nyingi za vijana wetu ni za zamani, kwa hiyo sitaweka tumaini lote hapo kwa sasa.

Kwa Jeshi la Polisi nina ombi fupi. Nilimsindikiza kijana mmoja kutoa taarifa kwenye kituo kimoja mkoani. Tulipokewa vizuri, tukapewa viti, lakini neno gemu lilipotajwa kalamu ikawekwa mezani, tukashauriwa tuwatafute waliotengeneza mchezo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamtaja anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa ametenda kosa, na haikusema isipokuwa mfumo wa gemu. Kijana apewe RB, ile namba ya taarifa iliyoandikwa kituoni, kama aliyeibiwa baiskeli. Hata mwizi asipopatikana mwaka huu, taarifa zikikusanyika mtaona linki zilezile na namba zilezile za kupokelea hela zikijirudia, na hapo mtakuwa na pa kuanzia.

Mimi kwa upande wangu natoa banda langu Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajajaa, kwa kazi ya kuwawashia vijana hatua mbili na kuwaandikia namba za akiba. Sitaki malipo. Ninachohitaji ni Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata aje na barua ya jiji, ili wazazi waje pamoja na watoto wakiwa na vitambulisho vyao. Bila mzazi siwezi kushughulikia laini, na sitamgusia mtoto barua pepe yake mzazi akiwa hayupo. Vijana wawili wanaonisaidia bandani wameshajifunza kazi hiyo vizuri na wanaweza kwenda kuifundisha kwenye mabanda ya Mikanjuni na Nguvumali mkiwapa kibali.

Shule zikifungwa mwezi Juni linki zitaanza kuzunguka tena. Naomba majibu yenu kabla ya hapo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwendesha banda la gemu,
Ngamiani, Tanga.